Siri ya upelelezi ni ya nani? Mwongozo kamili kwa mwandishi wa habari za uhalifu Uganda

"Lakini sikumtaja jina." Hivyo ndivyo nilivyojitetea mbele ya mhariri wangu, na mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo naona haya. Nilikuwa ripota mchanga katika redio moja ndogo ya mpakani, mashariki mwa Uganda, mji ambao sokoni husikii lugha kama unavyosikia Kiswahili. Duka la jumla lilivunjwa usiku na mlinzi wake akaumizwa vibaya. Askari mmoja niliyezoeana naye akaninong'oneza kwamba shahidi yupo: kijana wa bodaboda wa stendi ya mkabala na msikiti, aliyekuwa amejilaza juu ya pikipiki akisubiri abiria wa basi la usiku. Katika taarifa ya saa saba mchana nikasoma hivyo hivyo, kwa fahari, kwamba polisi wanamtegemea mwendesha bodaboda aliyeshuhudia tukio akiwa stendi ya msikitini.

Usiku ule stendi ilikuwa na kijana mmoja tu. Kabla ya magharibi, kiti cha pikipiki yake kilikuwa kimechanwa kwa kisu toka mbele hadi nyuma, sponji imemwagika nje. Kesho yake alikwisha vuka mpaka kwenda kwa mjomba wake upande wa Kenya, na hakurudi kutoa ushahidi. Washukiwa wakaachiwa. Yule mlinzi alipotoka hospitali alinipita barabarani bila salamu, na sikuwa na la kumlaumu.

Tangu hapo nimefanya kazi na waandishi wa namna mbili. Wapo wanaosikia neno "siri" kutoka kwa afande wakafunga daftari papo hapo. Wapo wanaosikia neno hilo hilo na mate yakawatoka, kwamba sasa habari imepatikana. Wote wawili wanaliacha swali lililo muhimu zaidi: siri hii inamlinda nani, na mpaka lini? Mwongozo huu ni wa namna ya kuliuliza swali hilo kazini, ukiwa na saa moja kabla ya taarifa kusomwa.

Hatua ya 1: Jua faili liko wapi

Huwezi kuamua cha kusema kama hujui kesi imefika wapi. Lalamiko likifika kituoni huandikwa katika kitabu cha kumbukumbu na kupata namba ambayo kila askari huiita SD. Upelelezi wa jinai ukifunguliwa, faili hupata namba ya CRB. Ziandike zote mbili daftarini, kwa sababu bila hizo miezi sita baadaye utakuwa unauliza habari za "ile kesi ya lile duka" na hakuna atakayekusaidia. Kutoka kwa OC CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, kesi nzito huweza kupanda hadi Kibuli, makao makuu ya Kurugenzi ya Upelelezi wa Jinai. Halafu mawakili wa DPP, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, hulisoma faili, wakaidhinisha mashtaka au wakalirudisha lifanyiwe kazi zaidi.

Katiba ya 1995, ibara ya 23, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Saa hizo ni zako pia. Muda wa kukamatwa ni jambo la kwanza la kuuliza, na haliharibu upelelezi wowote.

Chunga maneno. Anayehojiwa anahojiwa tu. Aliyekamatwa ni mshukiwa, na aliyesomewa mashtaka ni mshtakiwa. "Muuaji" ni mpaka mahakama iseme, au yeye mwenyewe akiri kosa mbele yake, kama ibara ya 28 inavyotaka. Hapa kuna kosa ninaloliona kila wiki: mtu anafikishwa kwa hakimu kwa shtaka la mauaji, na ripota anaandika kwamba "alikana mashtaka." Hakukana. Hakimu hana mamlaka ya kusikiliza mauaji, kwa hiyo mshtakiwa haruhusiwi kujibu lolote hapo. Anasomewa, anapelekwa rumande, na kesi inasubiri kupelekwa Mahakama Kuu.

Hatua ya 2: Uliza siri ni ya nani

Siri za upelelezi huja zimefungwa katika furushi moja, na afande hupenda ulichukue furushi zima au uliache zima. Lifungue.

Ndani yake kuna siri ya shahidi. Hiyo uitunze kuliko simu yako, na ujue kwamba kuficha jina hakutoshi. Kazi ya mtu, stendi yake, kanisa lake, rangi ya geti lake, hata lafudhi yake ukirusha sauti, vyote ni jina kwa wanaomjua. Katika mji mdogo jaribu hivi: soma sentensi yako, kisha jiulize ni watu wangapi mjini wanaofanana nayo. Wakiwa chini ya ishirini, ifute.

Kuna siri ya mwathirika, hasa wa ubakaji na wa usafirishaji haramu wa binadamu. Usingoje kuambiwa na mtu uitunze.

Kuna siri ya mbinu: simu iliyoibwa inafuatiliwa, nyumba fulani itapekuliwa alfajiri, mtu wa ndani ya genge ameanza kusema. Siri hii ni halali lakini ina mwisho. Alfajiri ikipita na nyumba ikapekuliwa, imekwisha.

Ipo pia siri ya mshukiwa mwenyewe, na hii tunaisahau sana. Mtu aliyekamatwa Jumatatu na kuachiwa Alhamisi bila shtaka anarudi kuishi na majirani waliomsikia redioni.

Mwisho, chini kabisa ya furushi, mara nyingi utakuta siri ya mkubwa. Faili limepotea. Mtoto wa fulani ameachiwa usiku. Mshukiwa amepigwa. Hii huvalishwa nguo za zile nyingine nne na kuitwa "upelelezi unaendelea." Hebu tukumbuke Nalufenya, kituo cha polisi kilichotumika kushikilia washukiwa wa kesi nzito. Baada ya mauaji ya Andrew Felix Kaweesi, ofisa mkubwa wa polisi aliyepigwa risasi Kulambiro mwezi Machi 2017, watu wengi walishikiliwa katika kituo kile cha Jinja. Mwezi Mei mwaka huo zikatoka picha za meya wa Kamwenge akiwa na vidonda vibichi vya magotini na miguuni. Upelelezi ulikuwa bado unaendelea. Lakini vidonda vile havikuwa siri ya upelelezi, na waandishi waliovionyesha walifanya kazi yao. Mwaka 2018 Nalufenya ikaondolewa katika kazi ile maalumu.

Hatua ya 3: Jua sheria zinazokushika, na zinazokushika mkono

Kanuni ya Adhabu ya Uganda inafanya kuwa kosa kuchapisha jambo linaloweza kuegemeza watu upande mmoja wa kesi iliyoko mahakamani, na pia kuripoti ushahidi ambao mahakama imeamuru usikilizwe faraghani. Waandishi wengine husema hilo halitugusi kwa kuwa hatuna baraza la raia la kuamua hatia kama Marekani. Wanasahau wazee wa baraza. Kesi za jinai za Mahakama Kuu husikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza wasiopungua wawili, raia wa kawaida kabisa wanaosikiliza redio hiyo hiyo unayosomea taarifa.

Mtoto, yaani aliye chini ya miaka 18, halindwi na huruma yako tu. Sheria ya Watoto inakataza kutoa habari zitakazomtambulisha mtoto aliye katika kesi ya jinai, isipokuwa mahakama iruhusu. Ukimtaja baba yake na kijiji chake, umemtaja yeye.

Upande wa pili, sheria inakupa nguvu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 inaitaka ofisi ya umma ikujibu ndani ya siku 21. Ni muda mrefu kwa taarifa ya leo, lakini kwa habari ya upelelezi uliolala miaka mitatu ni kitu kidogo sana. Andika ombi lako kwa maandishi na utunze nakala iliyopigwa mhuri wa mapokezi. Na Sheria ya Vyombo vya Habari na Waandishi inasema huwezi kulazimishwa kumtaja aliyekupa habari, ila kwa ridhaa yake au kwa amri ya mahakama. Nitarudi hapo.

Hatua ya 4: Pitia daftari, jambo moja moja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo tukae kidogo. Tuseme wakala wa pesa za simu ameuawa kibandani kwake saa mbili usiku, katika mji mdogo kwenye barabara ya Kampala kwenda Malaba. Umefika, umezungumza na watu, daftari limejaa. Chora mistari miwili ukurasani upate safu tatu: sasa, baadaye, kamwe.

Mahali, saa na namna tukio lilivyotokea kwa ujumla: sasa. Jina la marehemu: sasa, ila baada ya wewe mwenyewe kuhakikisha kwamba nyumbani kwake wamepata habari. Nimewahi kumwona mama akijua kifo cha mwanawe kutoka kwa redio ya jirani, na sitaki kukisababisha kilio kile.

Umemsikia askari akisema mikono ya marehemu ilifungwa kwa utambi wa jiko la mafuta. Ni jambo la kutisha na lingefanya kila mtu aongeze sauti ya redio. Liweke kwenye baadaye. Sababu yake waandishi wengi hawaifikirii. Mpelelezi mzuri huficha jambo moja au mawili ambayo muuaji peke yake anayajua. Mtu akija kukiri, anaulizwa: ulimfunga kwa nini? Ukishatangaza utambi, kila mtu anajua jibu. Na kijana asiye na hatia, akipigwa usiku kucha akiambiwa akubali, atayataja yale yale aliyoyasikia redioni, na maelezo yake yatafanana na ukweli. Kwa hiyo kuitunza siri ile ni kumlinda hata yeye.

Simu ya marehemu bado inawaka na inafuatiliwa: baadaye, mpaka mtu akamatwe. Binti wa miaka 14 wa nyumba ya pili aliona wanaume wawili wakikimbia: kamwe. Hata "jirani" usiseme. Hata "polisi wana shahidi" ni nyingi mno kwa mtaa wenye nyumba sita.

Vijana watatu wamekamatwa: sasa, idadi yao, kituo walipo na saa waliyokamatwa. Majina yao nayaacha mpaka washtakiwe. Najua wenzangu wengi hawakubaliani nami hapo, na upo wakati jina ni lazima, kwa mfano familia inamtafuta mtu na kila kituo kinakana kuwa naye. Basi hapo jina ndilo linalomlinda. Mama wa mmoja wao anasema amemwona mwanawe akichechemea na jicho limevimba: sasa, ukishazungumza na mama ana kwa ana, ukamuuliza wakili au daktari kama yupo, na ukampa msemaji wa polisi nafasi ya kujibu.

Halafu kuna hili: wakazi watano, kila mmoja kwa wakati wake, wamekwambia kwamba walipiga simu kituoni mara baada ya risasi, na gari la polisi likafika baada ya saa mbili ingawa kituo kiko umbali wa kutembea. Afande anakuomba uliache, "litavuruga upelelezi." Uliza: litauvuruga vipi? Akishindwa kueleza, ni sasa.

Safu ya baadaye iandikie tarehe. Bila tarehe, itakuwa kamwe bila wewe kujua.

Hatua ya 5: Picha na "amekiri"

Mtakuwa mmezoea kuona washukiwa wamechuchumaa mbele ya kamera, vitu vilivyokamatwa vimepangwa chini mbele yao. Kabla hujabonyeza, kumbuka gwaride la utambulisho. Mahakama za Afrika Mashariki zina kanuni zake tangu 1936: mshukiwa achanganywe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, na shahidi asiwe amemwona kabla. Picha yako ikisambaa WhatsApp asubuhi, gwaride la mchana halina thamani. Wakili wa utetezi atauliza swali moja tu: "Ulimwona mteja wangu wapi kwa mara ya kwanza baada ya tukio?" Shahidi akijibu "kwenye simu," ushahidi wake wa kumtambua umeshavunjika miguu.

Piga vitu, piga jengo, piga mikono, piga msemaji anapozungumza. Uso utaupata mahakamani.

Na ukiambiwa mshukiwa amekiri, uliza mbele ya nani. Kwa sheria ya ushahidi ya Uganda, ungamo la mtu aliye mikononi mwa polisi halikubaliki isipokuwa limetolewa mbele ya hakimu au ofisa wa cheo cha mkaguzi msaidizi au zaidi. Ungamo alilolisikia konstebo garini halihesabiki. Mimi siandiki "amekiri" kabisa kabla ya kesi. Naandika kwamba polisi wanasema ametoa maelezo.

Hatua ya 6: Kuongea na afande

Makubaliano ya kunyamaza hufanywa kabla ya kuambiwa, hayafanywi baada. Afande akishakwambia jambo kisha akaongeza "lakini hilo usiandike," bado hujamwahidi chochote, ingawa busara inaweza kukutaka ukubali. Mzungumze wazi:

"Afande, ukinipa hili, nalishika mpaka lini?"

"Mpaka tumalize."

"Kumaliza ni lini? Nipe siku. Na mkimkamata mtu kabla ya siku hiyo, unipigie mimi pia, nisije kulisikia kwa wengine."

Maneno "mpaka tumalize" usiyakubali. Kuchelewesha kwa sababu inayoelezeka ni sawa, na nyakati nyingine ni lazima. Mwaka 2018, utekaji wa watu ulipoitia hofu Kampala, swali hili lilikuwa la kufa na kupona: mtu yuko mikononi mwa watekaji, familia inajadiliana fidia, nao watekaji wana redio. Katika kesi kama hiyo nashika kila kitu mpaka mtu apatikane, na sihitaji kuombwa mara mbili. Akishapatikana, naandika yote, pamoja na namna polisi walivyofanya kazi yao, nzuri au mbaya.

Bahasha, mafuta ya pikipiki, chakula baada ya mkutano wa waandishi kule Naguru kwenye makao makuu ya polisi, vikatae kwa heshima. Anayekulipia usafiri leo kesho atakuchagulia siri.

Hatua ya 7: Mlinde aliyekupa

Mwezi Mei 2013 gazeti la Daily Monitor liliandika kuhusu barua ya Jenerali David Sejusa, aliyekuwa mratibu wa ujasusi, kwa mkuu wa usalama wa ndani, iliyotaka uchunguzwe mpango unaodaiwa wa kuwadhuru wakubwa waliopinga mwana wa Rais kurithishwa urais. Polisi wakataka kujua barua imetoka wapi. Waandishi hawakusema. Tarehe 20 Mei polisi wakalizingira jengo la gazeti, redio zake za KFM na Dembe zikazimwa, Red Pepper nalo likafungwa, na yote hayakufunguliwa mpaka tarehe 30. Chanzo hakikutajwa.

Wewe huenda usizingirwe na gari hata moja. Utaitwa tu CID "kusaidia upelelezi." Usiende peke yako. Mwambie mhariri, nenda na wakili, na kama chombo chako hakina wakili, wapigie shirika la kutetea haki za waandishi, kama HRNJ-Uganda, kabla hujatoka nyumbani. Ukiulizwa chanzo, jibu kwa adabu kwamba sheria inataka amri ya mahakama, kisha nyamaza. Daftari lenye majina halisi lisiwe ndilo unalotembea nalo. Laini ya simu imesajiliwa kwa jina lako, kwa hiyo simu uliyompigia askari usiku wa tukio inajulikana. Mwenye siri nzito kamfuate kwa miguu, mkutane penye watu wengi ambapo kuonekana pamoja hakumshangazi mtu.

Hatua ya 8: Rudi

Habari nyingi za uhalifu redioni kwetu hufia kwenye kukamatwa. Tunatangaza watatu wametiwa mbaroni, na hatusemi tena. Mmoja akiachiwa, mtaa haujui. Kesi ikilala, aliyeilaza hajulikani.

Kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu pekee, mtu akikaa rumande siku 180 bila kesi kupelekwa huko, Katiba inasema aachiwe kwa dhamana. Kwa makosa ambayo mahakama za chini nazo zinaweza kuyasikiliza ni siku 60. Hesabu siku hizo tangu alipofikishwa kwa hakimu mara ya kwanza na uziandike kwenye kalenda ya ukutani ofisini, pembeni ya namba ya CRB na namba ya kesi. Siku ikifika, nenda masijala asubuhi mapema kabla karani hajazidiwa na watu, umpe namba hizo, uulize faili limefika wapi. Kama mtu uliyetangaza kukamatwa kwake ameachiwa, soma habari hiyo katika taarifa ile ile, saa ile ile, na kwenye tovuti iongeze juu ya habari ya zamani, ili anayelitafuta jina lake kwenye intaneti aikute kwanza.